Harambee ya Karakana: Kazi za Watoto Wetu Zipate Pa Kukaa

Kwa wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na majirani wa shule yetu hapa Kwale: salaam aleikum.

Ijumaa iliyopita Gredi ya 9 walimaliza miradi yao wakaipanga chini ya mwembe, kila mmoja aeleze ya kwake. Habari ya alama hatukuigusa. Waliulizwa: umefanya nini, kipi kilikushinda, na ukianza upya utafanyaje?

Msichana mmoja alileta chupa ya sabuni ya maji, nyepesi kama chai. Akasema bila haya kwamba chumvi ndiyo huifanya ikawa nzito, naye akaendelea kutia tu. Ilipozidi, sabuni ikarudi kuwa maji. Chupa ya pili alipima chumvi kwa kijiko, na mama mmoja aliinunua papo hapo. Mvulana mwingine akakunjua mkeka: ukili wa mwanzo aliusuka kwa miyaa mibichi, ikanywea ilipokauka, mishono ikaachia. Bibi mmoja wa mbele alicheka, kisha akamwita kando, wakakaa chini na miyaa yao hadi tukawasahau.

Tuseme ukweli, ilikuwapo pia miradi iliyonunuliwa sokoni usiku wa kuamkia maonyesho. Swali la pili liliwaumbua wenyewe. Hakuna aliyehitaji kukaripiwa.

Kazi hizi hazina pa kukaa. Za mwaka jana zilirundikwa stoo pamoja na madawati mabovu, mchwa na mvua za masika zikazimaliza kabla Gredi ya 8 hawajazitazama. Na hao ndio wanaozihitaji, waanzie pale wenzao walipokwama.

Tunataka kujenga karakana nyuma ya darasa la Gredi ya 7: nguzo, paa la bati, sakafu ya saruji, ukuta hadi kiunoni, na rafu upande mmoja. Mafundi wawili, wazazi wenzetu, wamejitolea kujenga bure. Tumepungukiwa vifaa. Asiye na pesa alete bati, mbao au mfuko wa saruji. Asiye na hivyo aje na jembe siku ya kuchimba msingi. Pesa zipitie namba ya M-Pesa ya shule iliyo kwenye barua walizokuja nazo watoto, au kwa mhazini ofisini, na usiondoke bila risiti. Hesabu zitabandikwa langoni kila Jumatatu.

Harambee ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uwanjani. Wanafunzi watauza kazi zao kwa bei waliyopanga wenyewe. Njooni na chenji.