Roboti sawa, ila ngiri za waliopandikizwa ini mbona kimya?

Mhariri, habari za kazi. Habari za roboti kupandikiza ini naona watu wanazishea sana na mi sizipingi, ile ya St. Louis kule Marekani, Mei 2023, ilikuwa kazi kweli kweli, masaa nane na kitu. Ila huku kwetu mgonjwa wa ini anachangiwa kwenye magrupu ya WhatsApp anapelekwa India, anapasuliwa kwa ule mkato mkubwa chini ya mbavu ambao madaktari wenyewe wanauita Mercedes kwa vile umekaa kama nembo ya gari, anarudi tunashangilia, basi.

Kinachofuata ndo hakiandikwi. Zile dawa za kuzuia mwili usilikatae ini ni za maisha, na baadhi yake, zile zinazoitwa steroidi, zinachelewesha kidonda kushika, ukichanganya na misuli iliyoisha kwa ugonjwa na maji yaliyokuwa yamejaa tumboni, mshono wa ndani unaachia na tumbo linatokeza pale kwenye kovu. Ngiri hiyo. Shemeji yangu anayo, akikohoa tu inatoka kama embe, na hospitali moja hapa mjini (sitaitaja) wakamwambia huyu kapandikizwa, hatumgusi, arudi India. Arudi na nauli ya nani jamani, hata deni la safari ya kwanza halijaisha!

Wakati ngiri hiyo mara nyingi inazibika kwa matundu madogo, kamera inaingia, wavu unawekwa kwa ndani, na mtu wa dawa hizi ndo anafaidika zaidi maana kwake kidonda kikubwa ni mlango wa maambukizi. Sisemi ni rahisi, utumbo unakuwa umegandana na kovu na wakati mwingine daktari itabidi tu afungue tumbo, tena dawa hazisimamishwi kiholela, lazima waongee na waliompandikiza. Lakini Muhimbili figo zinapandikizwa tangu 2017, kwa hiyo wanaozijua hizi dawa tunao, na wapasuaji wa matundu madogo tunao pia.

Naomba mwandishi wenu wa afya awaulize hao mabingwa, mtu aliyepandikizwa ini akipata ngiri, au hata kidole tumbo usiku wa manane, aende wapi hapa hapa nchini, na bima inalipa au hailipi. Jibu mtuchapishie.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam