Zuhura, mpigie Faraji kabla hajakata tiketi

Shoga yangu Zuhura,

Assalam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, shemeji je, na kazi? Huku sisi wazima alhamdulillahi, joto la Januari tu ndo latusumbua, na stima zakatika kila jioni wakati watu wataka kulala. Mamako nilimpitia Jumapili, goti lake afadhali sasa, anatembea mwenyewe mpaka kwa Bi Rukia na kurudi. Amekusalimia sana, asema yale mashuka yamefika lakini halwa haikufika, na sote twamjua nani alipokea mzigo uwanja wa ndege kwa hivyo hata usiulize.

Najua nimekaa kimya muda, harusi ya Halima ilitumaliza, ile yataka barua yake peke yake. Leo nina jambo moja nalo ni nduguyo.

Faraji anataka kurudi Chalbi, lile jangwa la Marsabit, kwa baisikeli. Si kama tulivyokwenda Agosti, kundi zima, Kip ametupangia kila kitu na dumu za maji ziko kwenye lori, la. Anataka kwenda Februari, yeye na wale vijana wawili wa karakana ya Mzee Shee, bila gari, warudi kabla ya Ramadhani. Na badala ya kufuata njia ya Maikona na Kalacha ati watakata katikati ya jangwa moja kwa moja mpaka North Horr, kwa sababu "pale tambarare tupu, baisikeli yaenda yenyewe". Maji? Lita nne kila mtu. Nne! Ametutumia sauti kwenye grupu, nikairudia nikidhani nimesikia vibaya.

Najua hajakwambia habari ya Agosti vile ilivyokuwa. Alikutumia picha za ngamia na ile ya ziwa, na nyote mkafurahi, na mamako akazionyesha mtaa mzima. Siku ile aliniomba nisikwambie nikamjibu mimi siahidi kitu kama hicho, na nikanyamaza kwa sababu alishapona na sikutaka kukutia hofu uko mbali. Sasa sinyamazi.

Ngoja nianzie mwanzo kidogo ndo utaelewa. Tulianzia Nanyuki, tukapanda mpaka Timau, baridi shoga, nimevaa sweta mbili na vidole havihisi breki, Mlima Kenya uko pale kando na ngano pande zote mbili za barabara. Halafu kutoka pale ni mteremko mpaka Isiolo, yaani kama mita 1,400 hivi washuka bila kukanyaga pedali, wavua sweta moja, wavua ya pili, ukifika chini ushaingia nchi nyingine, vumbi, miba, na joto lakupiga usoni. Mimi pale Timau kushuka nililia kwa furaha, wallahi, sikuwahi kuenda mbio vile maishani. Archers Post, daraja la Ewaso Nyiro, kisha ule mlima Ololokwe wausogelea nusu siku nzima na wala haukaribii. Barabara ile ya Moyale siku hizi ni lami nzuri, malori yapita kwa adabu tu, shida ni ukitoka nje ya lami kidogo kuegesha, miba ya mgunga. Njoki aliziba pancha mpaka gundi ikamwisha tukaanza kuomba kwa bodaboda.

Laisamis, Logologo, halafu wapanda Marsabit, na Marsabit ni ajabu, mlima wa msitu na ukungu katikati ya jangwa, asubuhi nguo zimelowa umande. Huko ndo alikokaa yule ndovu Ahmed wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi na Mzee Kenyatta mwenyewe mwaka 1970. Bakari alikuwa amebeba birika la kahawa tangu Mombasa, na vikombe, anapikia watu kahawa tungu pale ukunguni, wazee wa soko wakaja mmoja mmoja mpaka tukachelewa kuondoka.

Kutoka Marsabit washuka tena, washika lami ya Moyale mpaka Bubisa halafu waiacha, waingia mawe meusi ya volkano, na hapo ndipo safari yenyewe. Sasa sikia hii manake hii ndo Faraji hajaielewa mpaka leo. Kule upepo watoka kusini mashariki na wewe waelekea kaskazini magharibi, kwa hivyo uko mgongoni mwako, wakusukuma. Kila mtu akafurahi, akasema neema. Lakini upepo ukikusukuma kwa kasi ile ile unayokwenda nayo, hupati hewa mwilini hata kidogo! Waendesha kama uko ndani ya chumba kimefungwa. Na jasho hulioni, likitoka tu lakauka, shati kavu, wajiona hutoki jasho kumbe waishiwa na lita nzima kwa saa au zaidi. Lita nne zile zake hazifiki saa sita mchana. Sizungumzi ya kupikia wala ya kuziba pancha, ya kunywa tu.

Basi. Tushapita Maikona, twaelekea Kalacha, Faraji yuko mbele peke yake kama kawaida yake. Tulitoka alfajiri, na kama saa tano hivi tukamkuta ameketi kando ya baisikeli, kiatu kimoja amevua amekishika mkononi, na chupa yake ina maji! Ina maji zaidi ya nusu. Alikuwa anayawekea akiba. Njoki akamuuliza vipi, akamuuliza yeye Njoki, hii ndo njia ya Watamu? Tukacheka, Watamu si iko huku kwetu pwani. Akauliza tena, hii ndo njia ya Watamu, na uso wake hauchezi, ndo tukanyamaza. Nikamshika shingo, Zuhura, ngozi kavu na moto, moto ule si wa jua.

Hakuna mti pale. Hakuna kitu. Tukageuza baisikeli mbili juu chini, tukafunga leso zangu juu yake, tukamlaza chini ya kile kivuli, tukamvua shati tukammwagia maji kichwani, kwapani, na Halima ampepea na kofia ya helmeti huku asoma Ayatul Kursi kwa sauti. Maji ya chumvi na sukari tukampa kidogo kidogo kwa kifuniko, akatapika, tukampa tena. Simu hakuna mtandao. Kip akashika baisikeli akaenda mbio kulitafuta lile lori na sisi tukabaki twahesabu maji, watu wazima twaangaliana chupa.

Akatokea mzee mmoja wa Kigabra na ngamia wake na kijana wake wa shule, huyo kijana ndo alizungumza Kiswahili. Mzee hakuuliza tumetoka wapi, alimtazama Faraji, akamwambia kijana kitu, kijana akashusha kibuyu cha maji kutoka kwa ngamia akatupa chote. Tukataka kulipa akakataa. Halafu kupitia kwa kijana akatuuliza swali moja tu, kwa nini mnatembea saa hizi? Wao na ngamia wao, watu waliozaliwa pale, saa hizo wako kivulini.

Lori likaja alasiri, nduguyo akapelekwa zahanati akatiwa dripu, usiku akaamka ataka chapati. Alhamdulillahi. Kesho yake ashaanza kusema kilikuwa kizunguzungu kwa sababu hakulala vizuri. Kizunguzungu! Mpaka leo hilo ndo neno lake, na kila akilisema Njoki atoka chumbani.

Na hiyo ilikuwa Agosti, shoga, tena na lori na watu wazima wa kumlaza. Februari ndo joto lenyewe kule kabla ya masika. Na huko katikati anakotaka kukata yeye ni sakafu ya ziwa la zamani lililokauka, chumvi nyeupe tupu, jua lakupiga juu na lakupiga kutoka chini, mazigazi kila upande, waona maji mbele na hakuna maji. Mahali pengine ule ukoko ni mgumu kweli kama asemavyo, pengine wavunjika na tairi lazama, unashuka unasukuma. Na mvua ikiwahi kunyesha Marsabit au vilima vya Huri maji yote yateremkia pale, inakuwa tope hata gari halipiti. Njia ya Maikona na Kalacha yazunguka ndiyo, lakini Maikona kuna visima na Kalacha kuna chemchemi na miti, ndo mana watu wakakaa hapo, hawakukaa kwa bahati.

Wewe uko Muscat, hili walijua kuliko mimi. Si wewe uliniambia huko Juni mpaka Agosti ni marufuku kufanyisha watu kazi nje saa sita unusu mpaka saa tisa unusu? Mwambie hiyo. Na mwambie yale mashindano ya baisikeli ya Oman mwaka 2015, kwa vile yeye mabingwa wa baisikeli ndo anaowasikiza. Ilikuwa Februari hiyo hiyo. Siku ile ikaanza na dhoruba ya mchanga, halafu joto likapanda mpaka tairi zikawa zapasuka kwenye mteremko, waendeshaji wakaingia kivulini chini ya daraja, akina Fabian Cancellara na Tom Boonen, wakasema hatuendi, na siku hiyo ikafutwa. Wale wana magari nyuma yamejaa maji na barafu na madaktari. Faraji ana lita nne na vijana wawili ambao mama zao wanamwamini yeye.

Hao vijana ndo wanaoninyima usingizi zaidi, nikwambie kweli. Mmoja hajafika hata Voi kwa baisikeli. Watamfuata Faraji popote atakapogeukia, na akianza kuuliza njia ya Watamu nani atajua?

Usinielewe vibaya, mimi sitaki asiende. Mimi mwenyewe nikifunga macho sa hii naiona ile siku tuliyoliona ziwa Turkana kwa mara ya kwanza, mawe meusi meusi halafu ghafla maji, rangi siijui, kijani na si kijani, Bakari akashuka akaswali pale pale barabarani. Loiyangalani tulilala chini ya mikoma, upepo ukitoka mlima Kulal usiku wataka kung'oa hema, tukala samaki wa Waelmolo mpaka tukashindwa. Tukapita zile pangaboi za umeme, 365 zote, ukizikaribia wasikia sauti ya hewa ikikatwa, upepo wa ubavuni walala nao baisikeli imeinama na bado unaenda mbele. South Horr na milima yake na mito, Baragoi tulipanda gari kama polisi walivyotushauri, halafu Maralal. Nataka aende tena. Nataka hata wale vijana waone. Lakini waende Julai au Agosti, kwa njia ya visima, watoke usiku walale mchana, maji lita kumi kila mtu kwa siku na chumvi ndani yake, na mtu wa huko awe nao, Kip amesema yuko tayari kuwatafutia kijana wa North Horr. Kip amemwambia hivyo mwenyewe na Faraji akamjibu "inshallah" ile ya kumaliza mazungumzo.

Mimi nimesema mpaka nimechoka. Bakari amesema. Mzee Shee hasemi kitu, yeye yuafurahi tu karakana yake itajulikana. Mamako hajui na sitaki ajulie kwangu, presha yake unaijua. Amebaki mtu mmoja wa kumwambia naye ni wewe, manake Faraji tangu utotoni hapiti juu ya neno lako, hata ile pikipiki aliiuza kwa neno lako.

Sasa niambie. Waweza kumpigia leo, si kumtumia ujumbe, kumpigia? Tiketi za basi la Isiolo asema atakata Ijumaa. Utamwambia kwamba nimekwambia mimi, au wataka kusema umesikia kwengine? Mimi sijali, nitaje. Akikasirika atanikasirikia na mimi nipo. Na akikubali kuahirisha, wewe likizo yako ni lini mwaka huu, si ulisema Julai? Baisikeli yako iko hapa kwangu, tairi nimezitia upepo juzi, gia ya nyuma yataka waya mpya tu. Huendeshi huko kabisa? Hata asubuhi pwani ya Qurum? Ukija twaweza kwenda sote, mamako tumwambie twaenda Nanyuki, ambayo ni kweli kwa siku ya kwanza. Na nambari ya mama wa yule kijana mdogo, wa karakana, wewe unayo? Kama Faraji hatasikia mpaka Alhamisi usiku, huyo ndo nitakayemwendea asubuhi.

Nijibu ukiipata hii, hata neno moja. Wabusu watoto.

Shoga yako,
Mwanaisha