Shukrani kwa Aliyerudisha Barua za Babu

Kwako dada, ambaye hukuacha jina, ninatoa shukrani zangu za dhati. Jumanne jioni nilisahau bahasha ya kaki kwenye matatu ya kwenda Kawangware, na ndani yake mlikuwa na barua saba ambazo babu yangu, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, alimwandikia bibi kutoka Burma mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikiwasukuma Wajapani kupitia Bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin. Hazina nakala nyingine. Siku hiyo ndipo nilipokuwa nikitafuta pa kuzipiga picha.

Ulipoona risiti ya duka la fotokopi ndani ya bahasha, ulirudi nayo mjini asubuhi iliyofuata, ukaikabidhi dukani hapo, ukaenda zako.

Labda ulizisoma, na sina kinyongo hata kidogo. Basi uliona ule mstari uliofutwa kwa wino mweusi na mkaguzi wa jeshi, kwa kuwa askari hawakuruhusiwa kutaja walipo, na chini yake, kwa penseli iliyofifia, babu anauliza kama ng'ombe mwekundu amezaa. Bibi hakujua kusoma. Mwalimu wa kanisani ndiye aliyemsomea, naye akamjibia kwamba amezaa mtamba.

Mama yangu, mwenye miaka 78, alizipokea kwa mikono miwili, akazinusa. Anakusalimu sana, na anaomba upite nyumbani unywe chai.