Zuhura, zile mita 97 na nusu

Kijitonyama, Dar es Salaam
5 Oktoba 2025

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Ni matumaini yangu u mzima, wewe na shemeji na wanangu wote wawili. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri na goti lake, anakusalimu sana. Barua hii anakuletea Mama Shamsa, anapanda basi Jumanne. Nimemfungia na mapazia yako kwenye mfuko huohuo, ya sebuleni na ya chumba cha watoto. Ya sebuleni nimeyaachia upindo mpana, kwa hiyo yakiwa mafupi fumua tu, nimeshona kwa mshono mrefu makusudi.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu tumekuwa watu wa dole gumba. Nakuuliza habari za kazi, unanirudishia dole. Nakutumia picha ya ufukwe wa Coco, dole. Tangu mmehamia Moshi mwezi wa saba mpaka leo, miezi mitatu ya madole. Sababu naijua, na wewe unajua kwamba naijua, ila kila mmoja anaizunguka. Basi naisema mimi.

Nilikuacha darajani.

Nimeishakaa na sentensi hiyo dukani siku nyingi, nikishona inakaa kwenye cherehani pamoja na kitambaa. Sasa imetoka. Ngoja niiseme yote, maana kuna kipande ambacho wewe hukijui.

Jumapili ile ya Juni, kwenye nusu marathoni ya hapa Dar, tulianza pamoja, saa 12 asubuhi kasoro, giza bado halijaachia. Tulikwenda vile ulivyotufundisha, mwendo wa kuweza kuongea bila kukatika pumzi. Kilomita kumi za mwanzo tulizimaliza na habari za harusi ya Hadija, mpaka yule baba aliyekuwa nyuma yetu akashindwa kuvumilia, akauliza, "Samahani dada zangu, kwani mwishowe mahari ilirudishwa?" Ulicheka hadi ukasimama. Mimi bado nacheka nikimkumbuka.

Halafu kwenye kilomita ya 15 nikaanza kuangalia saa. Nilishatangaza dukani kwamba nitamaliza ndani ya saa mbili na nusu, kila mteja anajua, hadi yule wa sare za kwaya. Tulipopanda Daraja la Tanzanite jua lilikuwa limeshatoka baharini na upepo ulikuwa umekatika kabisa, jasho linachuruzika bila kukauka. Kigimbi chako cha kushoto kikabana. Nilikiona kwa macho yangu, kinarukaruka chini ya ngozi kama samaki ndani ya kapu. Ukashika ukingo wa daraja, ukasema, "Nenda, Mwanaidi, usipoteze muda wako."

Nikaenda. Sikuuliza mara ya pili. Mtu akikwambia nenda huku ameuma meno, hiyo siyo ruhusa, na mimi nilikuwa nakufahamu miaka kumi na moja, nilijua siyo ruhusa.

Nikamaliza kwa saa 2 na dakika 28. Nikavishwa medali, nikapewa maji, nikaingia foleni ya kupiga picha kwenye lile bango. Foleni ilikuwa ndefu. Na hapa ndipo kipande usichokijua. Nilisikia mtu anapiga makofi peke yake, nikageuka. Ni muuza madafu, ameacha baiskeli yake. Nikatazama anakotazama, nikakuona. Ulikuwa unachechemea, mkono kiunoni, umebakiza kama mita mia hivi. Meza ya maji ilikuwa tupu. Medali zilikuwa zimekwisha, walioandaa hawakuhesabu watu wao sawasawa. Vijana walikuwa wameshaanza kutoa upepo kwenye lile lango la kumalizia, limelala upande mmoja, ukainama kidogo kupita chini yake.

Nilikuona, Zuhura. Mbele yangu walikuwa wamebaki watu watatu. Nikawaza, nikitoka hapa nafasi yangu itachukuliwa. Nikabaki kwenye foleni.

Ulipokuja ukasema "hongera," ukakaa kwenye ukuta na dafu alilokukatia yule mzee, kisha ukaita bajaji. Mimi nikajifanya ndiyo kwanza nakuona.

Sikumbuki ni mara ngapi ulinisahihisha tukiwa mazoezini. Nikisema nusu marathoni ni "kilomita 21," wewe mwalimu wa hesabu unanikata palepale: "Sema 21.0975. Hizo mita 97 na nusu nani atakukimbilia?" Klabu yetu nzima ya jogging ikawa inaimba hivyo. Sasa kila nikipita karibu na Coco namba hiyo inanirudia, kwa sababu ndizo hasa nilizokunyima. Kule darajani kwenye kilomita ya 17 naweza kutafuta visingizio, uchovu, jua, nini na nini. Kwa zile mita 97 sina. Nilikuwa nimeshamaliza, nimeshakunywa maji, miguu bado inakwenda. Ningetoka kwenye foleni, nikukimbilie, nikushike mkono, tupite pamoja chini ya lile lango lililolala. Dakika moja tu.

Samahani, shoga yangu. Sisemi kwa sababu kuna ninachotaka, ingawa kipo, nakuja huko. Nasema kwa sababu nilikosa.

Medali niliitundika siku mbili kwenye msumari wa kioo. Siku ya tatu nikaitoa, iko ndani ya kopo la vifungo. Hadija alinishauri nikupe wewe. Nilikataa, ingekuwa kama tusi, wewe hukukimbia ili upewe ya mtu.

Nikwambie nilivyokuwa kabla hujanitoa ndani? Unakumbuka lakini nataka ujue kwamba na mimi nakumbuka. Nilikuwa nakaa kwenye kile kiti kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku, mgongo umekakamaa, presha imepanda, daktari ananikunjia uso. Ukaja Jumamosi moja alfajiri ukanigongea dirisha. Sikuwa na raba hata. Ukanipeleka soko la mitumba la Karume tukachakura hadi tukapata zile za bluu kwa shilingi elfu thelathini na tano, ukazikunja, ukazinusa, ukabonyeza soli kwa dole kama unachagua parachichi, muuzaji akakwambia "dada, wewe ni mteja au mkaguzi?" Wiki ya kwanza sikuweza kukimbia kutoka kituo cha Sayansi hadi kituo cha Morocco bila kutembea. Hukuniacha hata siku moja. Kocha na wenzake walikuwa wanapotelea mbele na filimbi yao na mchakamchaka wao, wewe unabaki nyuma na mimi, unanihesabia nguzo za umeme. "Nguzo mbili tunakimbia, moja tunatembea." Baadaye tatu kwa moja. Baadaye nikaacha kuzihesabu. Tulipofika Coco kwa mara ya kwanza kwa miguu yetu tulikula mihogo ya sahani mbili na pilipili hadi machozi.

Ile ndiyo ilikuwa raha yangu. Wala si saa mbili na nusu.

Uliona ya Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, kule Tokyo mwezi uliopita? Hapa dukani hapakushoneka kitu. Amempita Mjerumani mlemle kwenye mstari kwa sekunde 0.03, wote wawili wameandikiwa saa 2:09:48, yeye dhahabu, mwenzake fedha. Medali ya kwanza ya dhahabu ya nchi yetu kwenye mashindano ya dunia! Kocha alilia, akasema hajalia hivyo tangu alipofiwa. Nilifurahi nusura nitoboe kidole. Lakini usiku nikawa nawaza, Simbu sekunde hizo ndiyo kazi yake, nchi nzima inamtegemea azipiganie. Mimi zile dakika mbili nilizookoa nilimpelekea nani? Hakuna aliyeniuliza wiki iliyofuata, hata yule wa sare za kwaya.

Na ukishamkumbuka Simbu utamkumbuka na mzee wetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, kaanguka, goti limefungwa bandeji, kaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeingia. Wewe ulikuwa unawasimulia wanafunzi wako kila mwaka. Mimi sasa nikiifikiria habari ile nawafikiria wale watu waliobaki jukwaani. Wangapi walikuwa wameshashika njia ya kwenda kwao, lakini kuna waliokaa, wakampigia makofi. Siku ile Dar aliyekaa alikuwa muuza madafu. Nimemtafuta, anauza bado palepale. Anakukumbuka, anakuita "yule dada wa mguu."

Haya, sasa ninachotaka. Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari. Nusu marathoni yao inaanzia hapohapo mjini kwenu, uwanja wa Chuo cha Ushirika. Nataka tukimbie mimi na wewe, hatua kwa hatua, mwanzo mpaka mwisho, na mmoja akibanwa wote tunasimama. Saa nimempa mtoto wa kaka. Nikija nitakuja na mkono mtupu.

Nimeuliza habari za ile njia. Wanasema nusu ya kwanza yote ni kupanda, mnaelekea Mweka katikati ya migomba na kahawa, halafu mnageuza na kuteremka hadi uwanjani. Sasa mimi ni mtu wa pwani, tambarare tupu, na huko mko zaidi ya mita 800 juu ya bahari hata kabla hamjaanza kupanda. Kwa hiyo tangu Agosti nakwenda kilima cha Chuo Kikuu kila Jumapili. Napanda kutokea Mwenge, nateremka, napanda tena, mara tatu, leo mara nne. Bado napumua kama mvukuto, ila silali tena kitandani mchana kutwa kama mwanzo. Ukweli ni kwamba safari hii wewe ndiye utakuwa na nguvu na mimi ndiye nitakayekuvuta nyuma. Sijalitaja ili tulipane. Nalitaja ujue mapema, kama hutaki kumsubiri mtu mlimani unayo haki ya kusema.

Namba yako sijailipia. Hadija aliniambia lipa zote mbili umshtukize, nikaona hapana, tayari niliamua mambo peke yangu mara moja. Tuna miezi minne na zaidi. Ukikubali tuanze wote wiki ijayo, wewe huko mimi huku, na kila Jumapili tunaambiana tumefika kilomita ngapi, kwa maneno, bila dole. Tukifika 18 kabla ya katikati ya Februari inatosha, nyingine tutazimalizia siku yenyewe. Na safari hii tubebe maji yetu. Nimeshashona mifuko miwili ya kiunoni kwa kitenge kile cha majani, ina sehemu ya chupa na kijisehemu cha glukosi na chumvi, lastiki imara, nimeijaribu kwa kuruka kamba uani mpaka Mama akauliza kama nina wazimu.

Sasa nijibu, maana yananijaa. Kigimbi kilipona kabisa? Ulienda kukiangalisha au ulikipaka tu ile dawa ya mafuta ya bibi? Mama Shamsa alipokuja kwenu mwezi wa nane anasema alikuona alfajiri barabara ya Mweka, peke yako, umevaa fulana yetu ya kijani ya jogging. Ni wewe kweli? Unakimbia au unatembea? Kuna mtu wa kukimbia naye huko au upo peke yako? Shemeji ataona vibaya nikija kulala kwenu siku tatu, maana miguu ikishapanda Mweka sidhani kama itapanda basi siku hiyohiyo? Watoto wameshapata marafiki? Shule mpya wanakuheshimu au wanakutania lafudhi ya pwani? Nikija nibebe nini, visheti, kashata, kamba wakavu wa Feri? Na zile mita 97 na nusu za Juni, unaweza kunisamehe hata kabla hujaamua habari za Februari? Hayo ni mawili mbalimbali, usiyafunge pamoja. Ukisema hapana kwa Februari nitaelewa, ila bado ningependa kuja, tukae tu barazani.

Mama Shamsa anarudi Ijumaa. Mpe jibu hata likiwa mstari mmoja.

Msalimie shemeji, nibusie wanangu.

Wako,
Mwanaidi

Nyongeza: Ukikunjua pazia la watoto utakuta kitambaa cha kichwa chekundu. Hicho ni chako, jibu liwe ndiyo au hapana. Changu kiko hapa, rangi hiyohiyo, bado sijakivaa.