RISALA YA KAMATI YA WAZAZI WA KITENGO CHA ELIMU MAALUMU KWA MGENI RASMI, MAHAFALI YA DARASA LA SABA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Ndugu Afisa Elimu Kata,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu na wahitimu,
itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko na kufika mwenyewe, bila kutuma mwakilishi. Hilo tumeliona na tumelithamini sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu ilianza zama za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwa vyumba vya udongo. Leo ina majengo ya matofali, vyoo bora na bustani ya mboga inayosifika kata nzima. Timu yetu ya mpira wa wavu imetutoa kimasomaso kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na taaluma inapanda kwa kasi. Kilele cha mafanikio haya ni Kitengo cha Elimu Maalumu, kimbilio la wazazi hadi wa kata za jirani. Tumekuita kwa ajili ya kitengo hicho.

Wamo watoto ambao macho yao ni mazima lakini hawaoni vizuri. Hospitali wamepimwa, jicho halina kasoro. Tatizo liko kwenye ubongo, unaoshindwa kuchambua kile ambacho jicho limeupelekea. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine ni njiti, wengine walipata malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au kichwa kujaa maji. Miwani haiwasaidii. Waliitwa wazembe, hata waongo, kwa sababu asubuhi mtoto huokota punje ya mahindi sakafuni, na mchana akampita mama yake mzazi bila kumtambua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watoto hawa hufundishika. Mwalimu wetu aliyesomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, hutandika kitambaa cheusi mezani, akaweka kikombe kimoja chekundu, akakitikisa kidogo, kisha akanyamaza na kusubiri. Mtoto huchelewa, halafu hugeuza shingo na kukitazama. Huangalia pembeni, na mkono ukakifikia. Sisi wazazi tumeliona hilo kwa macho yetu.

Kikwazo ni chumba. Kuta zimejaa michoro ya wanyama, herufi na ramani, zawadi ya wafadhili wenye nia njema. Kwa watoto hawa, kutafuta herufi moja ukutani humo ni kama kumtafuta mtu sokoni siku ya gulio. Madirisha hayana mapazia, hivyo mtoto huvutwa na mwanga akakodolea dirisha kutwa. Na juu hakuna dari. Mvua ikipiga bati, kelele huuelemea ubongo, na mtoto aliyekuwa anakiona kikombe haoni tena. Siku za masika masomo ya kitengo hukatika hivyo hivyo.

Dari hii, Mheshimiwa, iliahidiwa kwenye uwanja huu huu, tukapiga vigelegele. Fundi akaja, akapima chumba, hatujamwona tena. Mgeni aliyefuata aliahidi kumkumbusha mwenzake. Mwingine akatuletea miwani na karatasi za nukta nundu. Tunamshukuru kwa dhati, na wanafunzi wasioona wanazitumia karatasi hizo, lakini tulichoomba kilikuwa dari. Nakala za risala zote hizo tumeziambatanisha na hii.

Hatuombi jengo jipya. Tunaomba dari ya chumba kimoja, mapazia mazito, rangi ya krimu isiyong'aa ya kufunika michoro yote, na rangi ya njano kwenye kingo za ngazi na kizingiti, kwa kuwa wengi wao hawaoni vya chini na hujikwaa. Vitambaa vyeusi tutashona wenyewe. Kupaka rangi na kubeba mbao ni kazi yetu wazazi. Makadirio ya fundi yamo ndani ya bahasha hii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imewapa watoto hawa haki ya kusoma, nasi tunaomba haki hiyo iwafikie ndani ya chumba hicho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujapanda gari, tunakuomba uingie ukakione. Na ukituahidi, tafadhali utaje na mwezi, katibu auandike kwenye muhtasari. Masika huanza Machi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Wazazi wa Kitengo.