Barua ya wazi kwa Afisa Ushirika: tupime chama kama tunavyopima kihamba

Kwa Ndugu Afisa Ushirika,
Moshi.

Yah: Taarifa ya mwaka ya vyama vya msingi

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa kahawa huku Kibosho, na niliwahi kuwa mtunza fedha wa chama cha msingi. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili, kwamba chama kisipimwe kwa bei ya kilo peke yake, nimelisema mkutanoni mara mbili, na mara zote likaishia kwenye "mengineyo".

Kila mkutano mkuu, bodi hupona au huanguka kwa swali moja: kilo imelipwa shilingi ngapi? Kipindi changu tuliwahi kugawa mpaka senti ya mwisho ili tupigiwe makofi. Tukapigiwa. Msimu uliofuata mota ya mashine ya kumenya ikaungua katikati ya mavuno, akaunti tupu, na kahawa mbivu ikalala kwenye magunia siku mbili hadi ikaanza kunuka pombe. Ilishuka daraja, bei ikaifuata.

Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, hatufanyi hivyo. Mgomba unaupa mbuni wa kahawa kivuli, majani yake anakula ng'ombe zizini, samadi inarudi shinani. Ukiukata mbuni mzee ubaki kisiki ili uchipue upya, unajua pale hutavuna mara moja, na hakuna jirani atakayekuita mvivu.

Mwaka 1983 kampuni ya mafuta ya Shell, ambako Arie de Geus alikuwa kwenye mipango, ilichunguza kwa karibu kampuni 27 zilizoishi muda mrefu. Zilifanana kwa mambo machache: zilikuwa bahili kwa fedha zao, zilisoma mapema mabadiliko ya nje, watu wake walijiona wamoja, na ziliruhusu majaribio ya pembeni. Mojawapo, kampuni ya Stora ya Sweden, yenye hati ya mwaka 1288, ilianza na shaba ikaja kuwa ya mbao na karatasi. De Geus alizifananisha na viumbe hai. Ni kweli zilizochunguzwa ni kampuni zilizopona. Zilizokufa licha ya kufanya yaleyale hazikuhesabiwa. Kwa hiyo simchukulii kama msahafu.

Ila hata hapa tuna mfano. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, ikavunjwa 1976 pamoja na vyama vikuu vingine, ikarudi baada ya sheria ya ushirika ya 1982. Miaka yote hiyo mibuni ilikuwa bado shambani, na wenye mibuni walikuwa bado wanajuana. Hilo halimo kwenye mizania ya mwaka wowote.

Ombi langu ni ukurasa mmoja. Taarifa ya mwaka iongezewe jedwali la misimu kumi: akiba iliyobaki, miche iliyopandwa, visiki vilivyokatwa, fedha iliyotengwa kwa mashine, na vijana waliojiunga. Usomwe kabla ya bei. Kabla, nasisitiza, maana bei ikishatajwa nusu ya ukumbi huwa tayari iko njiani kwenda kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Wako katika ushirika,
Mwanachama, Kibosho