Sisi wa HR lawama zote zetu, kikao sio chetu

Mhariri habari za kazi. Mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kampuni moja kubwa ya maua huku Arusha, jina lake naliacha maana ugali wangu unatoka hapo hapo.

Ofisi yangu iko nyuma, imepakana na stoo, printa tunashea na stookipa, nikitaka kuprinti mikataba ya vibarua nasubiri jamaa amalize getipasi zake kwanza. Msimu ukichanganya tunaandikisha watu mpaka giza linaingia, na kuna akina mama mashine ya vidole haiwasomi kabisa, vidole vimeshaliwa na miiba ya waridi, basi nawaandika kwenye daftari kwa mkono, mwisho wa mwezi mtu akikuta siku mbili hazijalipwa ananifuata mimi, mhasibu hamgusi.

Sasa huyo mhasibu tuliajiriwa wiki moja, digrii moja moja, wote tunakatwa ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo, ila mshahara ananiacha karibu mara mbili na kikao cha menejimenti cha kila Jumatatu yumo. Mimi naitwa wakifika kwenye kupunguza watu tu. Nikiuliza naambiwa idara yako haiingizi hela. Haya, na uhasibu umeuza ua gani jamani?

Mwaka jana meneja mmoja alimfukuza dereva pale pale getini kwa hasira, barua hakuna, kumsikiliza hakuna. Nikasema sheria ya ajira ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu, nikajibiwa usinifundishe kazi. Dereva hakulala, siku 30 hazijaisha kashafika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na aliyetumwa kwenda kutetea kampuni na faili halina hata karatasi moja ya onyo ni nani? Mimi. Tukapigwa, na hela tuliyomlipa ingetosha kuniongezea mshahara mwaka mzima.

Huku wafanyakazi nao wananiita mbwa wa bosi (siwalaumu sana, barua za kufukuzwa zina sahihi yangu), wakati likizo zao za siku 28 na zile 84 za uzazi nazigombania mimi, na NSSF ikichelewa kupelekwa simu zote zangu.

Mabosi tupeni hata kiti cha pembeni kwenye hicho kikao. Jumatatu ijayo wanapanga bajeti ya mishahara, nimeambiwa na stookipa.

Afisa utumishi, Arusha